MTARO NI WETU SOTE

(Maneno yaliyosemwa na mwenye duka mmoja wa Ng'ambo, Unguja, mbele ya wakaazi wa mtaa wake, baada ya sala ya Alasiri)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, natanguliza kukiri kosa. Katika masika ya mwaka 2017 maji yaliniharibia magunia ya mchele. Nikaujaza kifusi mtaro upitao mlangoni pangu. Masika yaliyofuata duka lilikuwa kavu, na maji yakaingia chumbani kwa bibi mzee aliye nyuma yangu. Nilidhani nimeyazuia, kumbe nimempelekea jirani. Dini yetu haituruhusu kujiepusha na dhara kwa kumtupia mwenzetu.

Tukumbuke tumekaa wapi. Baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na hori ya bahari, na jina la Darajani ni ukumbusho wa daraja lake. Hori ile ilifukiwa kidogo kidogo hata ikamalizika mwaka 1957. Lakini mteremko haukufukiwa. Maji ya mvua yangali yakiitafuta njia yao ya kale. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari huizuia midomo ya mitaro, na maji hurudi majumbani. Na mtaro ukizibwa na taka, hayangoji hata hiyo bamvua.

Basi nashauri mambo manne. Kwanza, kabla ya Machi, watu wa juu na wa chini tuuzibue mtaro siku moja, tangu mwanzo hata mwisho. Pili, aliyeiziba njia ya maji aifungue. Tatu, mvua ikizidi usiku, wa juu wawapigie simu wa chini, na vijana wajue mapema ni mgonjwa gani na mzee gani wa kubebwa. Nne, maji yakishapungua, tusinywe ya kisima ila yaliyochemshwa, kwani visima na vyoo huwa vimechanganyika, na kipindupindu hakichagui nyumba.

Mitaro mikubwa ifikayo baharini haichimbwi kwa majembe yetu. Hiyo tuidai kwa Serikali, sote kwa sauti moja, pasi na kuulizana chama. Lakini adaiye mtaro huku akitupa taka ndani yake, dai lake halina uzito.

Ijumaa hii nakifukua kifusi changu kwa mkono wangu. Atakayekuja na jembe, chai ni juu yangu.

Wabillahi tawfiq.