Karatasi Kwanza, Hakimiliki Baadaye: Hati za Waandishi wa Tamthilia za Redio katika Kitui na Makueni



Hati binafsi sote tunazijua. Ni barua, shajara, miswada, picha na stakabadhi ambazo mtu huziacha anapoondoka. Tamthilia ya redio nayo haihitaji kufafanuliwa katika ukumbi huu. Niseme tu kwamba maoni haya ni yangu, wala yasichukuliwe kuwa msimamo wa ofisi yoyote ya umma.

Historia fupi

Waafrika wa Kenya walipata huduma yao ya utangazaji mwaka wa 1953, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, na Kikamba kilikuwa miongoni mwa lugha za mwanzo hewani. Baadaye vituo vikafunguliwa Mombasa, Nyeri na Kisumu. Ukambani haukupata chake. Mwandishi wa Mutomo au Mbooni aliyetaka kazi yake isikike ilimbidi aipeleke Nairobi, na hali ikabaki hivyo hata baada ya Sauti ya Kenya kuundwa mwaka wa 1964 chini ya wizara.

Umbali huo ndio uliozaa hasara tunayoizungumzia leo. Kanda za sauti zilikuwa ghali, na vituo vingi duniani vilizoea kuzifuta ili zirekodiwe kipindi kingine. Kwa hiyo tamthilia iliyosikika mara moja usiku mmoja mara nyingi imebaki katika nakala ya kaboni pekee, ile aliyorudi nayo mwandishi nyumbani.

Aliyechapishwa ana afadhali. John Mbiti wa Mulango, Kitui, alitoa hadithi yake ya Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, mwaka wa 1954, na leo jina lake limo katika katalogi za maktaba. Aliyeandikia idhaa ya London kwa Kiingereza ana afadhali zaidi. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o, This Time Tomorrow, ilitangazwa na BBC kisha ikachapishwa Nairobi mwaka wa 1970. Hati za BBC zimo Caversham, Uingereza, na za Transcription Centre, kituo cha London kilichorekodi waandishi wengi wa Afrika miaka ya sitini, zimo katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Mtafiti akitaka mswada wa redio wa Mwafrika wa miaka hiyo, anajua pa kuandika barua. Akitaka wa Kikamba, sina anwani ya kumpa.

Tatizo lenyewe

Hapa naomba uvumilivu wenu, maana kupokewa kwa hati hizi nimekupigania miaka mingi.

Katika boma moja upande wa Makueni nilifunguliwa sanduku la bati la mzee aliyekwisha kufariki. Ndani mlikuwa na miswada iliyopigwa taipu, pini zake zimeshika kutu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwandishi alikuwa ameandika namna kila sauti itakavyopatikana: mvua ni maharagwe makavu yakipepetwa polepole kwenye ungo, ngoma ya kilumi isikike kutoka mbali, isogee, kisha ikatwe ghafla mama anapobisha hodi. Katikati ya kurasa hizo palikuwa na nyingine zenye hesabu za mbuzi waliouzwa na tarehe za kupanda pojo. Vijana wa nyumbani walikuwa tayari kuzichana kurasa za hesabu wabaki na "za maana". Niliwasihi waache. Hesabu ile inatuonyesha mwaka aliouza mbuzi ili apate nauli ya Nairobi, na kwa mwaka huo tunaipata tarehe ya tamthilia ambayo haikuandikwa tarehe.

Familia ilikubali kutoa. Aliyekosekana ni wa kupokea. Ofisi moja ilisema haina uwezo wa kisheria. Nyingine ilisema isubiriwe barua ya kuthibitisha mwenye hakimiliki. Ya tatu ilitaka nakala za kidijitali tu, karatasi zirudi zilikotoka. Barua zikapishana, na mchwa hawakungoja majibu.

Naelewa hofu ya maafisa, na haikosi msingi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti maktaba na makumbusho; nyaraka halizitaji kwa jina. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoandikwa na mwajiriwa kazini, au iliyoagizwa, haki yake huhamia kwa mwajiri au aliyeagiza, isipokuwa wawe wamekubaliana vingine. Mwandishi wa redio huenda alikuwa mwajiriwa, huenda alilipwa kwa kila mchezo, na mkataba hauonekani. Ulinzi nao hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki.

Lakini tumechanganya vitu viwili. Karatasi ni mali ya familia. Haki ya kuchapisha au kutangaza yaliyomo ni jambo jingine. Kupokea sanduku, kulisafisha na kuliorodhesha hakuvunji hakimiliki ya mtu. Sheria ya Nyaraka za Umma, Sura ya 19, iliyopitishwa mwaka wa 1965, nayo haikatazi hati za watu binafsi kupokewa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Tunaogopa mlango ambao haujafungwa.

Mapendekezo

Kaunti zote mbili zianze kupokea hati hizi kwa amana, umiliki ubaki kwa familia, chini ya jukumu la maktaba na makumbusho ambalo tayari zinalo. Zisisubiri sheria mpya. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kwa Vonza, kiombwe chumba kikavu na wanafunzi wa kuorodhesha.

Hakimiliki ichunguzwe sanduku likiwa tayari chumbani. Bodi ya Hakimiliki na shirika la utangazaji waandikiwe, na mpaka watakapojibu msomaji asome hapo hapo bila kunakili.

Hati zisipangwe upya wala kuchambuliwa nyumbani. Kurasa za hesabu zibaki na za tamthilia, kwa mpangilio alioacha mwenyewe. Nalirudia hili kwa sababu ndipo tunapopoteza zaidi.

Wakati wa kungoja, familia iweke sanduku juu ya mawe au meza, mbali na ukuta wa udongo. Lisifungwe ndani ya nailoni, maana karatasi hutoa jasho. Dawa ya mchwa inyunyizwe sakafuni, kamwe isiguse karatasi. Selotepu isitumike. Picha za simu zipigwe kwa mwanga wa dirishani, lakini picha si sababu ya kuitupa karatasi.

Waigizaji wazee wahojiwe sasa, mswada ukiwa mkononi, wataje nani alisema maneno gani. Idhaa zetu za Kikamba zishirikishwe kuwatafuta.

Na kaunti zipokee kwa amana. Nimekwisha kulisema. Rasimu ya fomu ya amana, yenye sehemu ya familia, ya kaunti na ya shahidi, iko mezani kwa katibu. Naomba isomwe kifungu kwa kifungu kikao cha alasiri, kisha maafisa wa Kitui na Makueni watuambie ni kifungu gani kinachowazuia kutia sahihi.