Dinari Mbili na Deni Lililobaki

 

Neno letu latoka katika Injili ya Luka, sura ya 10, mstari wa 34 na wa 35. Habari yenyewe mnaijua tangu shule ya Jumapili. Ni habari ya Msamaria mwema. Lakini leo twataka kutazama sehemu ambayo wengi wetu huipita upesi. Msamaria huyu hakuishia kumhurumia mtu aliyepigwa. Alimtia mafuta na divai katika majeraha, na hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya siku zile. Akampeleka kwenye nyumba ya wageni. Kesho yake akatoa dinari mbili, akamwambia mwenye nyumba kwamba gharama ikizidi, yeye mwenyewe atailipa atakaporudi.

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, kama tunavyosoma katika Mathayo sura ya 20. Basi Msamaria alitoa jasho la siku mbili. Tena alijua neno ambalo kila mgonjwa wa siku nyingi analijua: malipo ya kwanza hayatoshi. Ugonjwa hauishi siku unapotoka hospitalini. Nyuma yake hubaki deni.

Ndugu wasikilizaji, katika parishi zetu deni hilo lina jina. Ni dawa ya kila siku. Ni dawa ya presha, ya sukari, ya kifafa, ya pumu, ya moyo. Mtu alazwa, kadi ya bima inalipa kitanda, naye anamshukuru Mungu. Siku ya kutoka anapewa cheti chenye dawa tatu za kumeza maisha yake yote. Anafika kwenye duka la dawa, anaonyesha kadi, anaambiwa, "Mama, hii kadi hailipi dawa hizi. Ni pesa taslimu."

Twamfahamu mama mmoja mkulima wa viazi, mjane, aliyepatwa na jambo hilo. Hakumwambia mtu. Jumapili alipoulizwa hali, alijibu, "Bwana asifiwe, niko salama." Siku moja kijana wa kanisa alimtembelea, akamwuliza, "Shosho, umekunywa dawa leo?" Akajibu bila wasiwasi, "Leo si zamu ya dawa, mwanangu. Ni kesho." Alikuwa ameigawa dawa ya mwezi mmoja ili imfikishe miezi miwili. Siku moja anameza, siku moja anaruka.

Wapenzi, hilo ni jambo la hatari. Presha haina kelele. Mtu aweza kujisikia mzima, kumbe mishipa ya damu inaumia. Anayeruka dawa leo aweza kuanguka kesho akapooza upande mmoja, au figo zikaharibika, na hapo gharama itapita bei ya vidonge mara nyingi. Kuruka dawa si kuweka akiba. Ni kukopa kwa mwenye riba kali.

Kwa nini bima hukataa? Bima yoyote ina orodha ya inayoyalipia, na ina kiwango ambacho haipiti. Nchi yetu ilianza mfuko wa taifa wa bima ya hospitali mwaka 1966, nao ukaondolewa na sheria mpya ya mwaka 2023. Tangu Oktoba 2024 tuna Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Chini yake ipo mifuko mitatu. Mfuko wa afya ya msingi ni wa zahanati na vituo vya afya, na kwa mpango wenyewe aliyejiandikisha hudumiwa huko bila kulipa. Mfuko wa pili ni ule tunaouchangia, nao ni wa hospitali kubwa zaidi. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa mazito. Wengi wetu hatujui tofauti hiyo. Twaenda moja kwa moja hospitali kubwa mjini, kisha kwenye duka la dawa barabarani, huku dawa ileile huenda iko katika kituo cha afya karibu na nyumbani. Twakubali kwamba mara nyingine rafu za kituo ni tupu. Lakini ni vema kuuliza kwanza kabla ya kukata tamaa.

Jambo la pili ni majina. Kila dawa ina jina lake halisi, na pia ina majina ya biashara ambayo makampuni huipa. Dawa ya presha iitwayo amlodipini huuzwa kama Norvasc. Dawa ya sukari iitwayo metfomini huuzwa kama Glucophage. Makampuni mengi hutengeneza dawa hizo kwa jina lake halisi tu, na bei yake huwa chini sana. Ni kama unga wa mahindi. Mfuko wenye picha nzuri na mfuko usio na picha, ugali ni ule ule, mradi unga umekaguliwa.

Tusidhani kwamba jambo hili ni dogo. Mnakumbuka miaka ile ya msiba wa UKIMWI. Dawa za mgonjwa mmoja ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka katika nchi tajiri. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba itawauzia Madaktari wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka huohuo Bunge letu la Kenya lilipitisha sheria iliyofungua mlango wa kuingiza dawa za bei nafuu. Leo wako kati yetu wazazi waliokwisha kuandaliwa sanduku, nao wanawacheza wajukuu wao. Jina la dawa na bei yake ni mambo ya uhai na mauti.

Basi, wewe uliye na cheti mkononi na huna pesa, yafaa ufanye nini?

Kwanza, mwambie daktari ukweli. Usione haya. Mwulize, "Daktari, hii ina jina gani halisi? Iko nyingine ya bei nafuu ifanyayo kazi ileile?" Daktari hawezi kulijua tundu la mfuko wako usipomwonyesha.

Pili, uliza katika kituo cha afya cha serikali na katika hospitali ya misheni kabla ya kununua dukani. Ukilazimika kununua, uliza bei katika maduka mawili au matatu, yenye leseni iliyobandikwa ukutani. Usinunue dawa kwa mchuuzi wa stendi, hata akisifu namna gani.

Tatu, bima ikikataa, uliza sababu. Mara nyingine ni fomu iliyokosa sahihi, au kibali ambacho hakikuombwa mapema. Omba jibu kwa maandishi, ulirudishe kwa daktari.

Nne, usibadili dawa, usiikate nusu, wala usimeze ya jirani bila kumwuliza mhudumu wa afya. Vidonge vingine vimetengenezwa kuyeyuka polepole, na kuvivunja ni kuviharibu.

Yule mama mjane alisindikizwa na akina mama wawili mpaka kituo cha afya. Mhudumu akasoma cheti, akaona kwamba dawa mbili zilikuwa zimeandikwa kwa majina ya biashara. Moja ilikuwamo katika ghala la kituo, akapewa. Ya pili alinunua kwa jina lake halisi, kwa bei aliyoimudu. Ya tatu ilibaki ghali, na hapakuwa na njia ya mkato. Hilo ndilo deni lililobaki. Ushirika wa nyumbani ukakubali kulichanga kila mwezi.

Hapo ndipo neno la Mungu linapotugeuzia uso sisi tulio wazima. Yakobo, katika sura ya 2, anatukemea tunaomtakia ndugu mhitaji amani na joto, kisha tunamwacha aende mikono mitupu. Sisi tunajua kufanya harambee ya mazishi. Twachanga kwa jeneza, kwa gari, kwa chakula cha waombolezaji. Je, hatuwezi kuchanga kwa vidonge vya mwezi mmoja mtu angali hai?

Makanisa yamewahi kufanya makubwa kuliko hayo. Mwaka 1986 Wakatoliki na Waprotestanti wa Kenya waliungana kuanzisha MEDS, shirika linalonunua dawa kwa wingi, kuzipima ubora wake, na kuzipeleka kwa bei nafuu katika hospitali na zahanati za misheni. Mwaka 1987, huko Bamako nchini Mali, mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana juu ya mpango wa jamii kuwa na akiba ya dawa, ambayo fedha za mauzo hununua dawa nyingine. Kanuni ni moja: mmoja hawezi, wengi wanaweza. Halmashauri ya kanisa yaweza kuanza na kikapu kidogo, daftari, na watu wawili waaminifu.

Wala tusisahau haki. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata afya bora. Tangu mwaka 2013 zahanati zetu ziko chini ya kaunti. Wananchi wanapoitwa kutoa maoni juu ya bajeti, Mkristo aende, aulize kwa adabu, dawa ziko wapi. Msamaria alilipa, lakini ile barabara ya Yeriko nayo ilihitaji kulindwa.

Kuna mmoja anayesikiliza ambaye ameambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Ndugu, mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akamsikia. Hata hivyo Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake. Soma Isaya sura ya 38. Maombi na dawa havikugombana. Meza dawa yako, umshukuru Mungu.

Na wewe uliyetumia vyote ulivyokuwa navyo kwa waganga, kama yule mwanamke wa Marko sura ya 5, Bwana hakupiti. Aligeuka katikati ya umati, akamwita binti. Usijifiche nyuma ya neno "niko salama". Mwambie mtu mmoja leo.

Tuombe. Ee Baba, wewe wajua nyumba ambamo chupa ya dawa imebaki tupu asubuhi ya leo. Uwape wagonjwa ujasiri wa kusema, madaktari sikio la kusikia, watawala moyo wa haki, na sisi watu wako dinari mbili na nia ya kurudi kulipa linalobaki. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, na Bwana awe nanyi.