MAHARAGWE YA SUFURIA NA UNGA WA KOPO
(Maneno yaliyosomwa na Kamati ya Tawi mbele ya wanachama wachumaji wa chai, Kuresoi)



 Leo hatukusudii kusema juu ya mshahara, ingawa mwishoni mtaona tumeukaribia.

Siku za malipo pana mtu auzaye unga penye lango la kampi. Asema ni peptidi za maharagwe, na ya kwamba anayeunywa hana haja tena ya vidonge vya kolestroli. Mwenzetu mmoja ameviacha vidonge alivyopewa na daktari, akanunua kopo. Ndiyo sababu tumesimama hapa.

Muuzaji huyo hasemi uwongo mtupu, na hapo ndipo penye taabu. Kolestroli ni namna ya mafuta yanayotembea katika damu, na nyingi yake hutengenezwa na ini letu wenyewe. Mwili waihitaji. Ikizidi, hujibandika ndani ya mishipa kidogo kidogo, bila maumivu yoyote, mpaka siku moja mshipa wa moyo au wa ubongo unaziba.

Maharagwe nayo yana protini, na protini ni kama mnyororo mrefu. Tumbo huukata mnyororo huo vipande vifupi, na vipande hivyo ndivyo peptidi. Wataalamu wa Milano, Italia, walichukua peptidi za soya na za lupini, mmea wa jamii ya maharagwe, wakazijaribu juu ya chembe za ini zilizofugwa katika chombo. Wakaona zazuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolestroli, kile kile kinachozuiwa na vidonge vya statini. Peptidi nyingine za soya hushikana na nyongo matumboni, nayo ikatoka na choo. Nyongo hutengenezwa kwa kolestroli, kwa hiyo ini hulazimika kuvuta kolestroli nyingine kutoka katika damu.

Lakini chembe katika chombo si mtu mzima. Mwaka 1995 James Anderson wa Marekani na wenzake walikusanya majaribio 38 ya protini ya soya, wakaona kolestroli mbaya imeshuka kama 13 katika mia. Watu hao walikula gramu 47 za protini hiyo kila siku, wala si kijiko kimoja cha unga. Mwaka 2006 chama cha moyo cha Marekani kilipoangalia tena, kilipata kama 3 katika mia tu. Mwaka 2014 wataalamu wa Kanada walikusanya majaribio 26 ya watu waliokula maharagwe, dengu na njegere, kiasi cha gramu 130 kwa siku, yaani bakuli dogo. Kolestroli mbaya ilishuka 5 katika mia. Statini huishusha 30 katika mia na zaidi. Basi maharagwe ni msaada, nasi twayapenda, lakini hayachukui mahali pa kidonge. Anayesumbuliwa na vidonge na arudi kwa daktari, asiviache mwenyewe.

Tena tulimwuliza muuzaji kama maharagwe yake yalipikwa kabla ya kusagwa. Alicheka tu. Sisi hatukucheka, kwa maana maharagwe mekundu mabichi yana sumu iitwayo lektini, na punje chache zatosha kumtapisha mtu mzima. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji yale, na kuyachemsha kwa nguvu hata yaive kabisa.

Na kuiva huko ndiko kazi kwetu. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Huku juu, penye zaidi ya mita 2,400, huchemka kwa kiasi cha digrii 92, hata ukichochea moto namna gani. Sufuria ya maharagwe yala alasiri nzima na mzigo wa kuni. Mama aliyechuma chai tangu asubuhi ataipata wapi alasiri hiyo? Hupika kabeji kwa mafuta ya kupimiwa, watoto wakala wakalala. Kamati haimlaumu.

Tumefikiri hivi. Kwanza, kila nyumba iloweke maharagwe jioni, na majirani wawili watatu wapike pamoja siku ya mapumziko. Pili, minji mabichi humea vizuri huku, ni jamii ile ile, na huiva upesi. Tatu, sufuria ya presha hupandisha joto la maji kupita digrii 100, lakini bei yake ni nzito kwa mtu mmoja. Twaomba ruhusa yenu Tawi linunue chache kwa fedha za akiba, kila safu ya nyumba moja. Nne, katika mazungumzo yajayo na matajiri tudai kuni na kipande cha shamba kwa kila nyumba, pamoja na nyongeza ya mshahara.

Hilo la tatu litapigiwa kura leo kabla hatujatoka. Mwenye kopo la unga ule na amletee mwandishi wa Tawi, tulipeleke kwa afisa wa afya likapimwe.