MBEGU ILIYOLALA SI MBEGU ILIYOKUFA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanachama)



Twaomba nafasi fupi tuseme juu ya jambo lililoleta manung'uniko mengi baina ya wafugaji wetu, nalo ni mbegu za malisho. Wako wanachama walionunua mbegu za lusina na desmodiamu, wakazipanda mvua zilipoanza, wakangoja majuma mawili, matatu, wasione ila miche michache iliyotawanyika. Wengi wamekata shauri kwamba waliuziwa mbegu mbovu. Yawezekana, lakini kabla ya kumshitaki mwuzaji, yatupasa kuijua tabia ya mbegu yenyewe.

Kunde na maharagwe yetu huota baada ya siku chache tu. Sababu ni kwamba kwa vizazi vingi wakulima walivuna kilichoota upesi, wakakiweka kuwa mbegu. Kilichochelewa ardhini hakikupata mvunaji. Lakini lusina na desmodiamu, ingawa ni ndugu zake kunde, zingali na tabia ya mwituni. Ganda lao ni gumu, nalo huzuia maji yasipenye. Mbegu hukaa katika udongo uliolowa, na kumbe ndani i kavu, tena i hai. Hiyo ndiyo kinga yake: mvua ya kwanza ikidanganya, haziti zote zikafa pamoja.

Wazee wameyaona haya machungani. Miche ya migunga huchipua mahali palipokuwa boma la mbuzi, maana mbegu nyingine zilizopita tumboni mwa mnyama ganda lake limekwisha kulainika. Kazi ile ile twaweza kuifanya kwa mikono yetu, kila mbegu kwa kadiri yake.

Kwanza, lusina. Chemsha maji, uyaepue, uyaache kidogo mpaka yaache kutokota. Mwenye kipimajoto na angoje nyuzi 80. Yamimine juu ya mbegu, ukoroge kwa muda wa dakika 3, kisha uyamwage, utie maji baridi, uziache usiku kucha. Mbegu zisitiwe kamwe katika sufuria iliyo motoni, maana hapo zitapikwa.

Pili, kaliandra. Hii haihitaji moto. Iloweke katika maji baridi kwa saa 48, kisha uipande.

Tatu, desmodiamu. Mbegu yake ni ndogo sana, na maji ya moto huweza kuiua upesi. Isugue polepole kwa msasa laini, au pamoja na mchanga mkavu, mpaka ganda likwaruzike bila kupasuka. Lakini muulize mwuzaji kwanza, kwa kuwa mbegu nyingine huuzwa zikiwa zimekwisha kukwaruzwa.

Asidi kali itumiwayo na watu wa maabara haifai nyumbani, kwa kuwa huunguza ngozi na macho.

Tena, mtu asiamshe mbegu zote kwa pamoja. Ganda gumu ndilo liitunzalo mbegu ghalani kwa miaka. Likiisha kufunguliwa, mbegu haingoji. Amsha zile tu utakazopanda mara moja, udongo ukiwa umelowa.

Kuna na njia ya kumaliza ugomvi. Hesabu mbegu 100, uziloweke katika maji baridi usiku mmoja. Zilizovimba zimekwisha kunywa maji. Zipande kitaluni, uzihesabu zitakazoota. Zilizobaki ngumu kama changarawe huenda zimelala tu. Zitende kama tulivyoeleza, kisha nazo uzipande. Ikiwa baada ya hayo nyingi zimeoza badala ya kuota, ndipo mwanachama ana haki ya kurudi kwa mwuzaji, naye atakwenda na hesabu mkononi, wala si hasira peke yake.

Jambo hili si dogo. Majaribio yaliyofanywa na watafiti pamoja na wakulima wa Embu katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zaweza kushika mahali pa kilo 1 ya unga wa dukani wa ng'ombe wa maziwa. Ilikadiriwa pia kwamba ng'ombe mmoja, akipewa kilo 6 za majani hayo kila siku, ahitaji miti kama 500, nayo yaweza kupandwa mipakani na kwenye matuta bila kupunguza shamba la mahindi. Mwenye kuotesha miti 50 tu ataendelea kununua unga, na kiangazi kitakapofika, maziwa yatapungua pamoja na ada ya shule ya watoto.

Kwa hiyo twawasihi Wanachama: kabla ya mvua za masika, kila mwenye mbegu na azijaribu 100, aandike hesabu yake, ailete mkutanoni. Nao Wazee twawaomba watusaidie kupatanisha waliokwisha kugombana na wauzaji wao, mpaka hesabu hizo zitakapopatikana.