KUKUMBUKA BILA KULIPIZA
Mafundisho juu ya siku za kuwakumbuka watumwa



Ndugu wapenzi wa Kasongo na Kabambare, nanyi nyote mnaotusikiliza vijijini, leo twafundishana juu ya siku mbili za mwaka. Ya kwanza ni tarehe 23 Agosti. Tangu mwaka 1998 mataifa huikumbuka siku hiyo biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake. Ya pili ni tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Yozefina Bakhita. Tangu mwaka 2015 Kanisa husali siku hiyo kwa ajili ya watu wanaouzwa na kuteswa hata sasa.

Mtu atauliza: Mambo hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana, kwa maana njia ya watumwa ilipita hapa petu. Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip, tajiri wa Unguja, ambaye jina lake hasa lilikuwa Hamed bin Muhammed. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara. Watu waliofungwa minyororo, na pembe za tembo mabegani mwao, walipelekwa mpaka ziwa Tanganyika, wakavushwa kwenda Ujiji, na wengine wakafikishwa Tabora na pwani. Walioanguka njiani hawakuzikwa. Na huko Nyangwe, kando ya mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, msafiri Livingstone aliona kwa macho yake watu wenye bunduki wakiwapiga risasi wanawake sokoni. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Majina yao sisi hatuyajui. Mungu anayajua.

Je, tumkasirikie nani? Sikilizeni vizuri. Mara nyingine mwenye bunduki alikuwa mgeni. Mara nyingine alikuwa mtu wa nchi hii hii, aliyemkamata jirani yake na kumuuza. Wakristu wa Ulaya nao waliwavusha watumwa bahari ya Atlantiki kwa karne nyingi. Kwa sababu hiyo Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha katika kisiwa cha Gorée, nchi ya Senegal, mwezi wa Februari 1992. Na askari wa mfalme Leopold II, walioteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893, walisema wamekuja kukata minyororo. Lakini Serikali yake iliwalazimisha watu wa Kongo kutafuta mpira kwa kiboko. Basi hakuna taifa wala dini iwezayo kumnyoshea mwenzake kidole na kusema: Mimi ni safi.

Tena, wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wameoana. Wanateka maji kisima kimoja, Wakristu na Waislamu, Wabangubangu, Wakusu na Wazimba. Hata Kiswahili hiki tunachosali kwacho kilifika kwetu kwa njia ile ile ya misafara.

Lakini liko jambo la kuhuzunisha. Pakitokea ugomvi wa shamba, au wa mahari, au wa kiti cha usultani, mtu hufumbua kinywa na kumwambia mwenzake: Nyamaza, wewe mtoto wa mtumwa! Ndugu zangu, chuma kilikatwa zamani. Anayesema hivyo anakiunga tena kwa ulimi wake.

Katika Torati Mungu aliwaamuru Waisraeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa katika Misri. Kwa nini? Si kusudi walipize kisasi, kwa maana aliwakataza pia wasimchukie Mmisri. Aliwataka wamhurumie mgeni, yatima na mjane. Hiyo ndiyo kazi ya kumbukumbu: aliyeonja uchungu asimwonjeshe mwingine.

Mtazameni Bakhita. Aliibwa angali mtoto katika Darfur, nchi ya Sudan. Hofu ilimsahaulisha jina alilopewa na wazazi wake. Aliuzwa mara nyingi na kupigwa mpaka damu. Katika Italia alipata uhuru mwaka 1889, akabatizwa mwaka 1890, akawa mtawa. Alikufa mwaka 1947. Alisema kwamba akikutana na wale waliomwiba angepiga magoti mbele yao. Hakusema kwamba waliyotenda yalikuwa mema. Alikataa chuki isimfunge mara ya pili.

Basi siku hizo zikifika, tutende mambo matatu. Kwanza, tuwaombee marehemu wasio na kaburi, na wazee wawasimulie vijana habari za njia ile, jirani Mwislamu akiwapo na kuheshimiwa. Pili, tusimtukane mtu kwa ukoo wake. Tatu, tuwatazame waliofungwa leo: mtoto anayechimba dhahabu badala ya kusoma, na binti aliyechukuliwa kwa nguvu na watu wenye silaha, akarudi kwao na mtoto mgongoni. Huyo asiitwe jina baya. Apewe sahani yake mahali pake pa zamani, na mtoto wake apewe jina katika ukoo.

Maswali ya kujibu nyumbani:

Ulizo: Kwa nini twawakumbuka watumwa kila mwaka?
Jibu: Ili tuwaombee, na ili tusimtende mtu yeyote kama walivyotendwa wao.

Ulizo: Nani ni mtoto wa mtumwa kati yetu?
Jibu: Hakuna. Sote tu wana wa Mungu.