Boma, Deni na Kodi: Juu ya Mikopo ya Mtu kwa Mtu katika Ujenzi wa Nyumba za Kupangisha



Mtu apitaye katika vijiji vya Kiegei, huku Nachingwea mkoani Lindi, au ashikaye njia ya kwenda Ruangwa, huona kando ya barabara maboma ya matofali ya kuchoma yaliyosimama bila ya bati, mengine yakiwa yamekwisha kuota majani ndani ya vyumba, na akiuliza sababu, jibu apewalo aghalabu ni lile lile, kwamba fedha ziliishia kwenye lenta. Nimekusudia kunena habari za fedha hizo, hasa zile zisizotoka benki wala serikalini, bali zitokazo mkononi mwa mtu zikaingia mkononi mwa mwenziwe kwa ahadi ya kurejeshwa; kwa maana ndizo zimfikiazo mjenzi wetu kwa wepesi, na ndizo, zikikosa utaratibu, zimnyang'anyazo kile alichokwisha kukijenga.

Si bahati mbaya kwamba mjenzi wa huku humtazama jirani kabla ya kuitazama benki. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, ambayo kwayo mdai asiye Mwafrika hakuweza kumshtaki Mwafrika kwa deni ila awe amepata kwanza ruhusa ya maandishi ya mtawala; na ijapokuwa ilinadiwa kuwa ni hifadhi kwa mnyonge, athari yake ilikuwa kumweka mnyonge huyo mbali na kila mkopeshaji wa halali. Baada ya uhuru tulikuwa na Benki ya Nyumba, iliyozaliwa mapema katika miaka ya 1970 na kufungwa mwaka 1995. Na kabla ya uhuru, fedha nyingi zilizopata kuteremka Nachingwea kwa wakati mmoja zilikuja na mpango wa karanga wa mwaka 1947, uliojenga mji, reli na mashamba, kisha ukaachwa mwaka 1951 baada ya hazina ya Uingereza kupoteza takriban pauni milioni 36, na reli yenyewe ikang'olewa. Mkulima wa korosho hakuachiwa katika hayo yote mlango wa kubisha, akabisha kwa mwenziwe.

Katika pwani ya Waswahili mlango huo wa mwenziwe ulikuwa na desturi yake ya kale, nayo ni bei khiyari. Mwenye nyumba au shamba alimwuzia mwenye mali kwa thamani waliyoafikiana, akishurutisha kwamba atakapoirejesha fedha ile katika muda fulani milki itamrudia. Na katika muda huo aliendelea kukaa mle mle, ila sasa akimlipa mnunuzi kodi. Kwa kuwa riba ni haramu, kodi ndiyo iliyosimama mahali pake, na dhamiri za watu zikatulia. Lakini tazameni mwendo wa hesabu: mtu aliweza kulipa kodi miaka kumi, na deni lake likabaki kama lilivyokuwa siku ya kwanza, pasipo kupungua hata pesa moja. Huko Unguja na Pemba, ambako mashamba ya mikarafuu yalilemewa na rehani za namna hii na nyinginezo, mambo yalifika hadi mwaka 1934 serikali ikatoa amri ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie mikononi mwa wadai.

Sisi wa bara ya Lindi tuna kangomba. Katika miezi ya njaa, mikorosho ingali na maua, mwenye fedha humpa mkulima kiasi cha kununulia bati, na malipo yake ni korosho zitakazovunwa, kwa bei ambayo yeye mwenyewe ameikata na kwa kipimo alichokileta yeye mwenyewe. Serikali imeipiga vita kangomba kwa mfumo wa stakabadhi ghalani na kwa minada ya vyama vya ushirika, na nadhani imefanya haki. Walakini mkulima aliyekatazwa kuuza maua yake bado anahitaji bati kabla ya masika. Na msimu wa 2018 ulipokuja, serikali ikachukua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo ya wengi yalichelewa, hata aliyekuwa amemwahidi mkopeshaji wake mwezi wa Desemba alijikuta mwongo bila ya kusema uongo.

Iko namna nyingine, ambayo kwa maoni yangu haijapewa heshima inayoistahiki. Mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara humwendea mwenye boma, wakaafikiana kwamba aliyemwendea atatoa fedha za kupaua, kuezeka na kutia milango, kisha ahamie, akae bila ya kulipa kodi mpaka fedha yake iishe. Katika miji mikubwa fremu nyingi za maduka zimemalizwa hivyo. Na Ruangwa, ambako machimbo ya kinywe ya Matambarare yanaleta watu wanaotafuta vyumba, naona inafaa kuliko kwingineko. Wanaoafikiana ni wawili wale wale wa bei khiyari, na nyumba ni ile ile. Ila kodi, ambayo kule ilimnenepesha mdai pasipo kuligusa deni, hapa inalila deni mwezi baada ya mwezi, hata mwenye nyumba anaamka siku moja na nyumba kamili asiyodaiwa na mtu.

Tufanye hesabu. Tuseme boma la vyumba vinne limebakiza kazi ya shilingi 4,000,000, na kila chumba kingeleta 30,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa nyumba nzima. Mpangaji aliyeimaliza atakaa miezi 33 na siku kumi hivi, na deni limekwisha. Mjenzi huyo huyo akienda kwa wakopeshaji wale ambao watu wamewaita kausha damu, akatozwa asilimia 10 kwa mwezi, atadaiwa 400,000 za riba peke yake, ambazo nyumba haiwezi kuzitoa hata ikijaa wapangaji hadi barazani. Hata kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango cha juu kilichoelekezwa na Benki Kuu, riba ni 140,000, nayo yaipita kodi. Leseni inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 humzuia mkopeshaji binafsi asidhulumu. Haiwezi kuifanya nyumba ya Nachingwea ilete kodi ya Dar es Salaam.

Mapatano haya nayo yana miiba, na mingi huchoma kwa kukosa karatasi. Nimeyaona yaliyoandikwa juu ya ukurasa wa daftari la shule, jina la mpangaji, kiasi cha fedha na dole gumba, basi. Hapana neno juu ya nani atengeneze paa likivuja, wala bati lilikuwa la geji gani, wala itakuwaje mwenye nyumba akifariki mwezi wa kumi na nne na warithi wakaja na kufuli. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kulishuhudisha, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka idhini ya mke au mume kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Mjane aliyeshirikishwa tangu siku ya kwanza hamfukuzi mpangaji, wala mpangaji hamgeuzi yeye mgeni katika nyumba yake.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za vijiji, ambazo Sheria ya Ardhi ya Vijiji imezipa jukumu la kutunza masjala ya ardhi, zipokee humo nakala ya kila mapatano ya kumalizia boma, yenye kiasi kilichotumika kwa stakabadhi za dukani, kodi iliyokubaliwa kwa mwezi, tarehe ambayo deni litakwisha, na saini za mume na mke mbele ya mtendaji. Kazi hiyo yataka kabati lenye kufuli na mtu wa kuandika, navyo viwili hivyo vijiji vingi vinavyo tayari. Iliyobaki ni halmashauri kukaa kikao na kuiamua kabla ya msimu huu wa korosho.