Asiyejua kuunda mashine analeta nini?



Wengi munauliza: mimi sijue kuandika programu, nitafaa nini katika kampuni changa ya wenzangu? Mwaka 1976, kule Kalifornia, Steve Wozniak ndiye alichora kompyuta ya kwanza ya Apple. Steve Jobs ndiye alitafuta mununuzi: duka moja likaagiza kompyuta 50, kila moja dola 500. Makuta ya kununua vipande hawakuwa nayo. Jobs akaomba deni la siku 30, wakalipa.

Basi na wewe leta mteja, leta uaminifu, chunga hesabu. Ukileta mawazo tu na kudai nusu ya kampuni, unamunyonya mwenzako. Kijana asimunyonye kijana.